Mkono Ukiwa Kwenye Plasta: Namna ya Kuendelea Kubuni Hadi Mwili Upone

Mtu aliyezoea kuchora, kuandika, kufuma au kupiga ala ya muziki anapovunjika kifundo cha mkono, hupoteza mambo mawili kwa mpigo. La kwanza linaonekana na kila mtu: mkono umefungwa plasta, umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, na kazi ya kufunga vifungo vya shati, ambayo zamani haikumchukua hata nusu dakika, sasa inamtoa jasho. La pili halionekani, nalo huuma zaidi kadiri siku zinavyosonga, kwa sababu ni ile saa ya kila siku ambayo alikuwa akikaa na kazi ya mikono yake na kusahau mengine yote. Mwongozo huu unahusu hilo la pili, yaani namna ya kuirudisha saa hiyo wakati mwili bado haujapona, bila kuuchelewesha kupona.

Mimi mwenyewe nilikaa wiki sita na plasta kwenye mkono wa kulia, mkono ninaoandikia na kuchorea. Wiki ya kwanza niliipoteza kwa kosa ambalo baadaye nimeliona kwa watu wengi: nilijaribu kuifanya kazi ile ile ya zamani kwa mkono wa kushoto, nikaupima kwa kipimo cha mkono wa kulia, nikakata tamaa. Wiki ya pili niliacha kutafuta mbadala wa mkono wa kulia, nikajiuliza ni kazi gani inayoweza kufanywa vizuri na mtu mwenye mkono mmoja, tena wa kushoto, tena usiojua kitu, kwa dakika kumi. Swali hilo lina majibu mengi kuliko nilivyotarajia, na sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata ni majibu hayo.

Jua kwanza ulichokatazwa

Kabla ya kuchagua changamoto yoyote, mwulize daktari au mtaalamu wa fiziotherapia maswali mahususi, kwa kuwa maelezo ya jumla hayatoshi. "Usiutumie mkono" ni agizo moja, na "usinyanyue kitu kizito" ni agizo jingine kabisa, lakini katika haraka ya kutoka hospitalini mgonjwa huyachanganya. Uliza kama unaruhusiwa kuchezesha vidole vinavyochomoza nje ya plasta. Mara nyingi jibu huwa ndiyo, tena husisitizwa, kwa sababu vidole visipochezeshwa hukakamaa. Uliza kama unaweza kushika kitu chepesi mfano wa penseli kwa mkono ulioumia, au kuulaza tu juu ya karatasi ili isiteleze. Uliza unaweza kukaa muda gani huku mkono ukiwa chini, maana katika siku za mwanzo mkono uliovunjika hutakiwa kuinuliwa juu ya usawa wa moyo ili uvimbe upungue, na mkao huo haupatani na meza ya kuchorea.

Uliza pia kuhusu muda, nawe usikilize jibu la mfupa wako, si la mfupa wa rafiki yako. Kifundo cha mkono cha mtu mzima kwa kawaida hukaa kwenye plasta kwa wiki sita hivi, lakini kuna mfupa mdogo upande wa kidole gumba, uitwao skafoidi, ambao hupata damu kidogo na kwa hiyo unaweza kudai wiki 12 au hata zaidi. Changamoto ya siku 40 inayokwisha pamoja na plasta ya mmoja itamwacha mwingine akiwa bado amefungwa, na hakuna kosa lolote alilofanya.

Kuna dalili ambazo hazingojei kesho. Vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi, vikigeuka rangi kuwa vya buluu au vyeupe, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, acha kila kitu urudi hospitalini mara moja. Usichokoe ndani ya plasta kwa penseli, rula wala sindano ya kufumia, hata ngozi iwashe namna gani. Sisi tunaofanya kazi za mikono tunazungukwa na vitu virefu vyembamba, na kishawishi ni kikubwa. Nami naongeza jambo moja ambalo ninaona halisemwi vya kutosha: dawa ya maumivu hutuliza maumivu, haiungi mfupa. Saa moja baada ya kuimeza ndiyo saa ambayo mtu hujiona amepona na kuanza kuufanyisha kazi mkono aliokatazwa. Usiihesabu nafuu hiyo kuwa ruhusa.

Masharti ya changamoto

Changamoto ya ubunifu ni kazi ndogo unayojiwekea yenye masharti ya wazi: unafanya nini, kwa kifaa gani, kwa dakika ngapi na kwa siku ngapi. Mwenye afya huweka masharti ili yamsukume. Aliyeumia huyaweka ili yamsukume na pia yamzuie asipitilize, na hapo ndipo changamoto nyingi zinazojulikana zinapokosa kumfaa. Ile ya kuandika riwaya ndani ya mwezi wa Novemba, iliyoanzia Marekani mwaka 1999 na ambayo shirika lake lilifungwa mwaka 2025, ilimtaka mtu afikishe maneno 50,000 kwa siku 30, yaani maneno 1,667 hivi kwa siku, hesabu ambayo huvichosha hata vidole kumi vilivyo vizima. Ile ya kuchora kwa wino mwezi wa Oktoba, iliyoanzishwa na mchoraji Mmarekani Jake Parker mwaka 2009, ina michoro 31, ingawa mwanzilishi mwenyewe ameeleza kwamba mtu anaweza kuchora kila baada ya siku moja, au hata mara moja kwa wiki, mradi aufuate mpangilio aliouchagua. Ukitaka kujiunga na wenzako katika changamoto za namna hiyo, itumie ruhusa hiyo bila aibu.

Kwa anayeanza peke yake, ninapendekeza dakika 10, siku 14, kifaa kimoja na kitu kimoja cha kushughulikia. Dakika ziwe 10 kwa sababu misuli midogo ya mkono usiozoea huchoka upesi, nao ukichoka huanza kukaza kalamu, na kule kukaza ndiko kunakoleta maumivu ya kiganja na ya bega. Kumbuka kwamba mkono ulio mzima ndio unaokuogesha, unaokuvisha na unaokulisha kwa sasa. Ukiuumiza huo kwa bidii ya kuchora, umejinyang'anya msaada wa pekee uliobaki. Siku ziwe 14 kwa sababu muda huo hukwisha ukiwa bado na hamu, na hakuna anayekukataza kuanza nyingine.

Weka pia sharti la siku mbaya. Siku ambayo hukulala kwa maumivu, au umerudi kliniki ukiwa hoi, mstari mmoja unatosha, na siku hiyo inahesabiwa kuwa imetimia. Sharti hilo uliandike mapema, wakati moyo umetulia, kwa sababu siku mbaya yenyewe si siku ya kujitungia sheria: siku hiyo mtu hujionea huruma kupita kiasi au hujikaripia kupita kiasi. Kuhusu kipimo, pima jambo moja tu, yaani kama ulikaa au hukukaa. Uzuri wa kazi uuache mpaka mwisho.

Kuchora kwa mkono usiojua

Mkono wa kushoto wa mtu anayetumia wa kulia haujui kazi ndogondogo, lakini kazi kubwa unaiweza. Vidole vyake havijazoea kuongoza ncha ya kalamu, ila bega na kiwiko vinaweza kuzungusha duara kubwa karibu sawasawa na vile vya upande wa pili. Kwa hiyo anza na karatasi kubwa, uibandike kwa utepe kwenye pembe zote nne, juu ya meza au ukutani, kwa kuwa hakuna mkono wa pili wa kuishikilia. Tumia penseli laini ya 4B au 6B, au kipande cha mkaa wa kuchorea, ambavyo huacha alama kwa kugusa tu. Penseli ngumu hutaka kukandamizwa, na kukandamiza ndiko tunakokukwepa. Penseli ikiwa nyembamba, izungushie sponji na utepe mpaka inenepe, nawe utaona kwamba vidole vinalegea vyenyewe. Anza kuchora kutoka upande wa kulia wa karatasi kwenda kushoto, ili kiganja kisipite juu ya mistari uliyokwisha kuichora na kuichafua.

Taa nayo ihamishe. Anayechora kwa mkono wa kulia huweka taa upande wa kushoto ili kivuli cha mkono wake kisiangukie mchoro. Ukibadili mkono, kivuli kinageuka pia. Mimi nilichora siku tatu ndani ya kivuli changu nikidhani macho yamechoka.

Kuhusu kitu cha kuchora, ninashauri kile ambacho wengi hawapendi kukitazama, nacho ni mkono wenyewe ulioumia. Uko hapo kila siku, hausogei, na daktari amekwisha kuuamuru utulie. Nilikuwa nikiulaza juu ya mto kila jioni na kuuchora kwa dakika kumi. Siku ya kwanza nilichora gogo jeupe lenye vidole vilivyovimba hadi mikunjo ya viungo ikapotea. Siku ya tano niliona kwamba ukingo wa plasta karibu na kidole gumba ulikuwa umeanza kuchakaa, na pamba ya ndani inachungulia kama unyoya uliolowa. Siku ya tisa mikunjo ilikuwa imerudi, ikianzia kwenye kidole kidogo, na ngozi iliyokuwa imevutika sasa ilikuwa na mistari midogo ya kukauka. Mabadiliko hayo yasingenifikia kama nisingekuwa nikiyachora, kwa kuwa mgonjwa anayejitazama kwa haraka huona jambo lile lile kila siku na kudhani haponi.

Mistari ya michoro ile inatetemeka, na vidole havina urefu sahihi. Hata hivyo nimejifunza kitu humo. Mkono wangu wa kulia una mazoea: ukiona kidole, huchora kidole ambacho umekwisha kukichora mara elfu. Mkono wa kushoto haukuwa na mazoea yoyote, hivyo ulilazimika kulifuata jicho hatua kwa hatua, na jicho nalo likalazimika kutazama kweli. Mtu aliyejifunza kuchora kwa miaka mingi hutafuta hali hiyo kwa makusudi, nawe umeletewa bila kuiomba.

Yapo mazoezi mawili yanayofaa sana kwa mkono huu. La kwanza ni kuchora bila kutazama karatasi hata mara moja: jicho linatembea polepole kwenye ukingo wa kitu, na kalamu inatembea kwa mwendo ule ule, bila kujali inafika wapi. La pili ni kuchora kitu kizima kwa mstari mmoja usiokatika. Katika yote mawili mtu mwenye mkono hodari hana faida kubwa juu yako, na hiyo ndiyo sababu ya kuyachagua. Ukipenda, ongeza la tatu, la kuandika kinyume, kutoka kulia kwenda kushoto, herufi zikiwa zimegeuzwa kama zinavyoonekana kwenye kioo. Mchoraji Mwitaliano Leonardo da Vinci, ambaye alitumia mkono wa kushoto, aliandika madaftari yake kwa namna hiyo. Mkono wangu wa kushoto uliandika jina langu kwa urahisi zaidi kinyume kuliko kawaida, kwa kuwa kila mkono huona ni rahisi kusogea kutoka katikati ya mwili kwenda nje.

Karatasi, mkasi na msaidizi

Wengi wakishindwa kuchora hukimbilia kukata na kubandika karatasi, kisha hukutana na jambo ambalo hawakulitegemea: mkasi unakataa. Mkasi wa kawaida umeundwa kwa mkono wa kulia, ambao unapokunjwa husukuma mapanga yake mawili yakutane. Ukiushika kwa mkono wa kushoto, nguvu ile ile ya vidole huyatenganisha, na karatasi hupinda katikati badala ya kukatika. Usijilaumu. Tafuta mkasi wa wanaotumia mkono wa kushoto, au achana na mkasi kabisa na uchane kwa vidole. Weka kitabu kizito juu ya karatasi, ukingo wake ukae pale unapotaka mchano upite, kisha vuta karatasi kuelekea kwako. Ukingo uliochanwa una weupe na manyoya ambayo mkasi hauwezi kuyatoa, na picha ya mawingu, ya mawe au ya nywele hupendeza zaidi kwa ukingo huo.

Mfano mkubwa wa kazi ya namna hii ni mchoraji Mfaransa Henri Matisse. Alianza kuchora akiwa kijana wa miaka 20 hivi, wakati alipokuwa akijiuguza baada ya ugonjwa wa kidole tumbo, na mama yake akamletea sanduku la rangi za kupitishia siku; kabla ya hapo alikuwa njiani kuwa mwanasheria. Mwaka 1941, akiwa na umri wa miaka 71, alifanyiwa upasuaji mkubwa wa tumbo uliomwacha asiweze kusimama kwa muda mrefu mbele ya turubai. Akaanza kukata maumbo kwa mkasi akiwa kitandani au kwenye kiti cha magurudumu, kutoka kwenye karatasi ambazo wasaidizi wake walikuwa wamezipaka rangi, nao wakayapachika ukutani kwa maelekezo yake. Alipotaka kuchora, alifunga mkaa kwenye ncha ya fimbo ndefu na kuchora ukutani, na hata kwenye dari, akiwa amelala.

Katika habari hiyo watu hukumbuka fimbo na mkasi, nami ningependa uwakumbuke wasaidizi. Ukiwa na mkono mmoja, kazi inayokula muda ni maandalizi: kufungua vifuniko vya rangi, kukata utepe, kuchonga penseli. Mwombe mtu wa nyumbani akuandalie kila kitu asubuhi kwa mara moja, akate vipande ishirini vya utepe na kuvibandika kwenye ukingo wa meza, afungue chupa na kuziacha zimelegea. Kisha saa yako ikifika, usimwite tena. Kuomba msaada mara moja kwa mpangilio hakuchoshi kama kuomba mara kumi kwa dharura, wala kwako wala kwake.

Kuandika bila kalamu

Anayeandika kwa kompyuta anaweza kuendelea kwa mkono mmoja akibadili mambo machache. Katika mipangilio ya kompyuta kuna sehemu inayoruhusu vitufe vya Shift na Ctrl vibonyezwe kimoja baada ya kingine badala ya kwa pamoja. Kwenye kompyuta zinazotumia Windows, kubonyeza Shift mara tano mfululizo huleta swali la kuiwasha. Kwenye simu nyingi, kibodi inaweza kusogezwa na kubanwa upande mmoja ili kidole gumba kimoja kizifikie herufi zote. Puku ya kompyuta, yaani kipanya, ukiihamishia kushoto, kumbuka kugeuza vitufe vyake pia.

Njia nyingine ni imla, yaani kusema ili simu iandike, na zipo kibodi za simu zinazokipokea Kiswahili. Usitarajie alama za vituo zikae mahali pake, na majina ya watu utayarekebisha mwenyewe. Lakini tatizo kubwa la imla ni la mwandishi: mtu anayesema huzunguka, hurudia, na hujieleza kwa mdomo mambo ambayo kalamu ingeyapunguza. Kwa hiyo usiitumie imla kwa kazi uliyokuwa ukiiandika kabla ya kuumia. Itumie kwa kazi inayotaka sauti: mazungumzo ya wahusika wawili, barua isiyotumwa, hadithi ya kumsimulia mtoto, kumbukumbu ya mahali pamoja ukiitaja kuanzia mlangoni hadi ukuta wa mwisho. Jiwekee sharti la kusema kwa dakika tano bila kusimama, kisha kufuta nusu.

Kazi inayofaa kuliko zote, kwa maoni yangu, ni shairi la arudhi. Ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mshororo una mizani 16 iliyogawanyika nane kwa nane, na vina vinakaa katikati na mwishoni. Ubeti mzima ni mizani 64, mzigo ambao kichwa kinaweza kuubeba bila karatasi, na mizani unaihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Huo hapa niliutunga siku ya kumi, nikiwa nimelala chali:

Mkono umefungika, umelala mapajani,
Kalamu imeanguka, naiona sakafuni,
Neno bado lanitoka, lapanda toka moyoni,
Hata nikipumzika, natungia kitandani.

Si ubeti wa kushindania tuzo, lakini ulinikalia kichwani saa nzima, na katika saa hiyo sikuuwaza mkono. Namna ya kufanya ni hii: chagua vina viwili asubuhi, tunga mshororo mmoja na kuurudia mpaka ukae, kisha uongeze wa pili, na usiurekodi ubeti mpaka uwe kamili. Kina kikikataa, usilazimishe neno lisilo na maana. Geuza mpangilio wa maneno kwanza, kwa kuwa Kiswahili kinakubali kiarifu kitangulie na mtenda afuate. Beti 14 kwa siku 14 ni shairi refu la kutosha kusomewa watu.

Ala ya muziki

Wapiga kinanda wana bahati ya kupewa urithi ulio tayari. Mwaka 1877 mtunzi Mjerumani Johannes Brahms alimtumia mpiga kinanda Clara Schumann kipande cha fidla cha mtunzi wa zamani, Johann Sebastian Bach, alichokigeuza kiwe cha kinanda kwa mkono wa kushoto peke yake. Ilitokea kwamba Clara alikuwa ametoka kuumiza mshipa wa mkono wa kulia alipokuwa akivuta droo, hivyo kazi ile ikamfikia wakati hasa alipoihitaji. Mtunzi Mrusi Aleksandr Scriabin naye aliuumiza mkono wa kulia kwa mazoezi ya kupita kiasi akiwa mwanafunzi, na mwaka 1894 akatunga vipande viwili vya mkono wa kushoto. Baadaye mkono wake ukapona, na vipande vile vinapigwa mpaka leo. Kisa cha Scriabin kina onyo ndani yake pia: mkono uliumia kwa bidii, wala si kwa uvivu.

Kwa wapiga gitaa, mkono mmoja hautoshi kwa nyimbo za kawaida, ila gitaa likilazwa mapajani na nyuzi zikafungwa kwa mpangilio unaotoa sauti nzuri zikiwa wazi, vidole vitano vinaweza kucheza mdundo na sauti chache kwa pamoja. Asiye na ala anaweza kujirekodi akiimba sauti tatu tofauti za wimbo mmoja na kuzipanga juu ya nyingine kwenye simu.

Wasioumia mkono

Aliyevunjika mguu ana mikono yote miwili na hawezi kwenda mahali, na kinachomfaa ni kupunguza eneo. Chagua dirisha moja na ulipige picha mara tano kwa siku, saa zile zile, kwa wiki mbili, bila kuhamisha kiti. Mchoraji Frida Kahlo, baada ya ajali ya basi nchini kwake Meksiko tarehe 17 Septemba 1925, akiwa na miaka 18, alilala miezi mingi, na familia yake ikamtengenezea ubao wa kuchorea uliokaa juu ya kitanda pamoja na kioo juu yake. Kwa kuwa mtu aliyekuwa akimwona ni yeye mwenyewe, akajichora mwenyewe. Eneo la kioo kimoja lilimtosha kwa maisha yote.

Aliyefanyiwa upasuaji wa jicho na kukatazwa kusoma afanye kazi ya sauti au ya udongo wa kufinyanga, ikiwa daktari ameruhusu kuinama. Aliyeagizwa kunyamaza ili koo lipone aandike, wala asidanganyike kwamba kunong'ona ni kupumzisha sauti. Aliyepata mtikisiko wa ubongo yeye asianze changamoto yoyote mpaka aruhusiwe, kwa kuwa kazi ya kufikiri na mwanga wa skrini ndivyo alivyotakiwa kuvipunguza; kwake kupumzika katika siku za mwanzo ni tiba, wala haimpasi kugeuza mapumziko hayo kuwa mashindano.

Siku ya kutoa plasta

Watu wengi hudhani kwamba plasta ikikatwa, kazi ya zamani inarudi siku hiyo hiyo. Mkono unaotoka humo ni mwembamba kuliko ulioingia, ngozi yake inabanduka, na kifundo kimekaza kiasi kwamba kugeuza kiganja juu kunakuwa zoezi. Mtaalamu wa fiziotherapia atakupa mazoezi yake, nayo yatangulie kila kitu. Kwa wiki mbili za mwanzo, kazi kuu iendelee kubaki kwa mkono uliokuwa ukiitumikia wakati wa plasta, na mkono uliopona uingizwe kwa dakika tano tu, kwa mistari mikubwa ya bega na kiwiko, karatasi ikiwa ukutani, kama vile ulivyoufunza ule mwingine. Ukisikia uchovu wa misuli, hiyo ni kawaida. Ukisikia maumivu makali au kifundo kikivimba tena jioni, simama na umweleze mtaalamu.

Kisha chukua karatasi moja na uigawe katikati. Upande mmoja chora kiganja cha kulia kwa mkono wa kushoto, upande wa pili chora kiganja cha kushoto kwa mkono wa kulia, dakika tano kila upande, uandike tarehe, na uiweke pamoja na ile michoro 14. Rudia zoezi hilo baada ya mwezi.